Sentimita Kumi na Tisa Kushoto

Saa 4:11 asubuhi, tarehe 9 Agosti 2071, koleo la buibui namba sita lilifunga sentimita kumi na tisa kushoto kwa kibanio kilicholengwa. Lilichokamata ni mnyororo wa vikombe vya kioo vinavyotenga waya na chuma kwenye nguzo ya 212. Vikombe vilipasuka. Waya iligusa mkono wa nguzo, cheche zikaruka, na umeme ukakatika kutoka bonde la Usangu hadi mpakani. Buibui, mashine ya kilo mia moja na arobaini inayotambaa juu ya waya, alianguka korongoni. Hakuna aliyeumia. Watu hawajapanda nguzo hizo kwa miaka ishirini na miwili.

Kilomita sitini kutoka hapo, katika chumba cha viti cha Kituo cha Waya, Lusekelo Mwasandube alivua miwani ya kazi. Kiti chake, ambacho huyumba kila buibui anapoyumba, kilikuwa kimesimama.

"Nilikuwa nakitazama," alisema. "Sikuondoa macho."

Waendeshaji wengine sita walikuwa bado wameinamia kazi zao, na kila mmoja alikuwa amefunga shingoni utepe mweusi wa kaniki. Lusekelo naye alikuwa amefunga.

Tusajigwe Mwakatobe, kwenye kiti namba moja, alikuwa ameuona utepe ule tangu saa mbili asubuhi. Ilikuwa zamu yake ya mwisho baada ya miaka thelathini na moja. Kwa desturi ya kituo, mwendeshaji anapostaafu, wote aliowafundisha hufunga kaniki siku hiyo, hata walioacha kuifunga. Yeye ndiye aliyeianzisha kaniki. Alikuwa pia mpimaji mkuu wa macho, na alizijua kanuni kwa namba. Kanuni ya 14 ilisema: mwenye kikuza asivae kitu chochote shingoni awapo kitini. Lusekelo alikuwa amepandikizwa kikuza. Tusajigwe aliwahesabu wanafunzi wake wakiingia, wakafika saba, na akatabasamu.

*

Umeme ulirudi saa kumi na moja jioni kwa kupitia laini ya pili. Pilau iliyopikwa kwa ajili ya kumuaga ililiwa na watu wachache, wakiwa wamesimama.

Asubuhi iliyofuata Tusajigwe alifungua rekodi ya buibui namba sita. Alikuwa amestaafu kuendesha, lakini leseni yake ya upimaji ilikuwa na wiki tatu zaidi, na mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi, Mhandisi Gerold Haule, alikuwa amemwomba ripoti.

Rekodi ilikuwa fupi. Upepo ulimgeuza buibui digrii kumi kulia. Kiti kikamgeuza Lusekelo digrii kumi kulia. Koleo la buibui hufuata macho ya mwendeshaji: yanapotua, ndipo linapofunga. Macho ya Lusekelo yalipaswa kubaki juu ya kibanio. Yalikipita.

Alichukua kalamu. Kamera ya buibui hukuza picha mara moja nukta nne. Kwa hiyo kichwa kikigeuka digrii kumi kulia, macho lazima yarudi kushoto digrii kumi na nne, ndipo picha itulie. Koleo lilikuwa mita tatu kutoka kwenye lenzi. Ili likosee kwa sentimita kumi na tisa, ilibidi macho yarudi digrii kumi na tisa nukta moja.

Aligawanya kwa kumi. 1.91.

Waendeshaji huita namba hiyo uwiano. Mtu wa kawaida ana uwiano wa moja: kichwa kikienda digrii moja, macho hurudi digrii moja, bila yeye kujua wala kuamua. Mwendeshaji wa buibui anahitaji moja nukta nne, na huupata kwa miezi kumi na moja ya mazoezi, au kwa kikuza, kifaa chenye ukubwa wa punje ya mchele kinachopandikizwa nyuma ya sikio kwa alasiri moja. Mtu akikaa kitini kikuza huwaka na kukuza ishara ya sikio la ndani mara moja nukta nne. Akiinuka, huzima.

Hakukuwa na njia ya kikuza kufikia 1.91 chenyewe. Tusajigwe aliitazama namba hiyo kwa muda. Kisha akaandika chini yake: 1.40 × 1.36. Jibu lilikuwa 1.904.

Moja nukta tatu sita aliijua. Ilikuwa katika daftari lake, kipimo cha mwisho cha Lusekelo kabla hajaacha mafunzo, akiwa amefunga kaniki.

*

"Kaa," alimwambia.

Chumba cha vipimo hakikuwa na dirisha. Katikati kulikuwa na kiti cha mzunguko, na mbele ya kiti kamera ndogo ya kufuatilia mboni. Lusekelo, mwanamume wa miaka ishirini na tisa, mrefu kuliko kiti, alikaa huku magoti yakiwa juu.

"Hiki kiti kilitengenezewa watoto wa shule, Mwalimu."

"Kilitengenezewa watu wanaomaliza mafunzo."

Lusekelo alicheka kidogo. Jambo hilo lilikuwa limekaa kati yao kwa miezi minane. Alipofikisha miezi tisa ya mazoezi, kikuza kiliidhinishwa, naye akawa wa kwanza kujiandikisha. Imebaki miezi miwili tu, Tusajigwe alimwambia wakati ule. Miwili ni miwili, Mwalimu, alijibu. Tangu hapo watu wa kituo waligawanyika kwa majina: wa kaniki na wa umeme. Walitaniana wakati wa chai, na utani wenyewe haukuwa mtupu.

Tusajigwe alizima taa. Gizani macho hayana cha kufuata. Yanachokifanya hapo ni kazi ya sikio peke yake.

Kipimo cha kwanza: kikuza kinawaka, shingo wazi. 1.40. Hicho ndicho kipimo pekee ambacho utaratibu uliamuru.

"Nimefaulu?" Lusekelo aliuliza.

"Umefaulu. Sasa funga hii."

Alimpa utepe wa kaniki. Hakuupokea.

"Mwalimu, tuzungumze kwanza."

"Zungumza."

"Ukipeleka hiyo namba moja tu, watasema mtu yuko sawa, kifaa kina hitilafu isiyojulikana. Watakipiga marufuku kikuza. Wewe hujawahi kukipenda. Mimi watanitoa hiki kidude, nitarudi kumaliza miezi yangu miwili, na nitakuwa wa kaniki kama wengine. Kila mtu anapata anachotaka."

"Kuna watu thelathini na sita wanasubiri kupandikizwa."

"Watajifunza kama ulivyojifunza wewe."

"Na laini zenye nguzo elfu mbili zisizo na mwendeshaji, zisubiri?"

Lusekelo alisema kwa sauti ya chini, "Ukiweka kaniki kwenye ripoti, mimi ndiye niliyevunja kanuni. Leseni imekwenda. Niliifunga kwa heshima yako."

"Najua."

"Uliniona."

"Nilikuona. Hilo nalo litaandikwa."

"Litakusaidia nini? Una wiki tatu. Toka na jina lako."

Tusajigwe alikuwa ameshika utepe kwa mikono miwili. Katika miezi ya kwanza ya kazi, kituo kilipokuwa na viti viwili, kila alipoinuka kitini dunia iliyumba. Ngazi zilimkimbia. Ubongo wake ulikuwa umezoea moja nukta nne na ukaibeba hadi nyumbani. Alianza kufunga kaniki ili jasho lisimchubue shingo, na baada ya wiki kadhaa akagundua kwamba akiifungua, kuyumba kunaisha. Hakusema ni baraka. Alikaa kwenye kiti cha mzunguko akajipima mara mia mbili. Akiwa ameifunga, 1.38, akiwa ameifungua, 1.01. Ubongo ulikuwa umejifunza mambo mawili na kuchagua kwa mguso wa kitambaa shingoni. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wamejenga kazi nzima juu ya namba hizo mbili.

"Jina langu," alisema, "ni kwamba ninapima. Sina lingine. Funga."

Lusekelo alifunga. Fundo lilikaa upande wa kushoto, chini ya taya, kama alivyofundishwa.

Kipimo cha pili: kikuza kinawaka, kaniki shingoni. 1.91.

Kiti kilisimama. Lusekelo alishika mikono ya kiti, akatapika kwenye ndoo iliyowekwa pale kwa kazi hiyo.

"Ndilo lile la jana," alisema alipoweza. "Lile lile."

"Kikuza kilikuza, na wewe ukakuza juu yake. Hakuna kilichoharibika. Wote wawili mlifanya kazi yenu." Alimpa maji. "Jana ungeweza kurekebisha kwa kuona, lakini kuona huchukua sehemu ya kumi ya sekunde. Koleo lilikuwa limeshafunga."

Alizima kikuza kwa rimoti ya mpimaji. Utaratibu haukuamuru jambo hilo wala haukulikataza, na katika miezi minane ya kukagua vikuza, hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote. Hilo pia aliliandika.

Kipimo cha tatu: kikuza kimezimwa, shingo wazi. 0.99.

Kipimo cha nne: kikuza kimezimwa, kaniki shingoni.

Aliisoma namba, akarudia kipimo. Aliibadilisha kasi ya kiti, akarudia tena. Mara sita. Lusekelo aliuliza kuna nini, akaambiwa akae kimya.

1.36. Miezi minane bila kuigusa kaniki, na kazi yote ya miezi tisa ilikuwa bado mle ndani, hata sehemu ya mia haijapungua.

"Mwalimu?"

"Hujaacha mafunzo," alisema Tusajigwe. "Ulidhani umeyaacha."

*

Kamati ilikaa tarehe 14 Agosti, saa tatu asubuhi. Mbali na Haule, mwanamume mnene aliyependa kumaliza mambo kabla ya chakula cha mchana, alikuwapo Daktari Hidaya Shekilindi, mbunifu wa kikuza, aliyetoka Lushoto kwa usafiri wa usiku akiwa na sanduku la hati. Lusekelo alikaa mwisho wa meza.

"Bi Tusajigwe," Haule alianza, "nina swali moja. Ni kifaa au ni mtu?"

"Mhandisi, shika hiyo ajenda. Isome huku unatikisa kichwa."

"Nitikise kichwa?"

"Kwa haraka. Kama unakataa."

Haule aliitazama kamati, kisha akatikisa kichwa kama mbuzi anayefukuza nzi. "Kifungu cha kwanza, kufungua kikao," alisoma bila kukwama.

"Sasa tuliza kichwa, tikisa karatasi kwa kasi ile ile."

Alitikisa. Alikunja uso. "Siwezi. Maandishi yanachanganyika."

"Karatasi ikitikisika, macho huifuata kwa kuona, na kuona ni kwa polepole. Kichwa kikitikisika, habari hutoka sikioni hadi kwenye misuli ya jicho kwa kupitia seli tatu tu za neva. Ni milisekunde kumi hivi. Hakuna kompyuta kwenye buibui inayoifikia kasi hiyo kwa umeme tulio nao kule juu. Ndiyo maana tunaweka watu vitini. Sasa nisome namba zangu?"

"Soma."

Alisoma nne. Hakuinua sauti kwenye yoyote. Alisema nani alifunga kaniki, kwa nini alifunga, nani alimwona na hakumzuia. Alisema kanuni ya 14 ilivunjwa na kwamba yeye mpimaji hakuwahi kuuliza sababu ya kanuni hiyo. Alipomaliza, Lusekelo alikuwa akitazama meza.

Daktari Hidaya ndiye aliyezungumza kwanza. Alikuwa ameleta hati mia mbili za kukitetea kifaa chake, na hakuhitaji hata moja.

"Kanuni hiyo niliiandika mimi, Mama," alisema. "Niliona watu wanafunga kitambaa cheusi kabla ya kazi. Nilidhani ni hirizi. Nikaona aibu kuandika hivyo, nikaandika kuwa ni usafi."

"Ungeuliza."

"Nawe ungepima."

"Kweli," Tusajigwe alisema. "Kiti kilikuwa kwangu."

Walitazamana. Hidaya alivuta karatasi ya namba karibu yake na kuweka kidole kwenye ya nne. "Hii una hakika nayo? Kwa mtu aliyekaa miezi minane bila mazoezi?"

"Nimeipima mara sita. Kiti kiko chumba cha pili, nenda ukaipime mara ya saba."

Hidaya alitoka. Lusekelo akamfuata, utepe mkononi. Walirudi baada ya dakika ishirini, na Hidaya akaandika namba yake pembeni ya ile ya Tusajigwe: 1.36.

Haule alizungusha kalamu. "Nimeelewa hivi. Kifaa ni kizima. Kitambaa ni kizima. Viwili kwa pamoja, nguzo inaungua. Na kanuni ilikuwapo, na kijana akaivunja. Kifungu kiko wazi, leseni inafutwa."

"Kanuni ilisema usafi," Tusajigwe alisema. "Ingesema kwamba kaniki na kikuza vitazidishana, asingeifunga. Mimi nisingemwacha aifunge. Mtu hawezi kuulinda ukweli ambao hakupewa."

"Hiyo ni hoja, Bi Tusajigwe. Mimi nataka ushahidi. Namba za chumbani sizikatai, lakini kule juu kuna upepo."

"Nguzo ya 212 bado ina kibanio kimoja ambacho hakijafungwa. Mpe Lusekelo. Kikuza kizimwe, kaniki shingoni. Kwa moja nukta tatu sita, upepo ule ule wa digrii kumi utampa kosa la milimita kumi na tano. Kibanio kinavumilia thelathini."

"Leseni yake imesimamishwa."

"Jaribio halihitaji leseni ya mwendeshaji. Linahitaji dhamana ya mpimaji. Naweka yangu."

Haule alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kumtazama mtu. "Sikiliza basi, na iandikwe. Akikifunga, nitaandika kosa ni la kanuni, na kanuni itaandikwa upya na ninyi wawili. Leseni atarudishiwa. Akikikosa, kosa ni lake na ni lako, na utastaafu bila cheti chochote ukutani. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Lusekelo?"

Lusekelo aliinua macho. "Niulizwe mimi tena, Mhandisi? Huyu ameshanipima mara sita."

Mtu mmoja alicheka. Haule akafunga faili.

*

Tarehe 21 Agosti, saa 3:30 asubuhi, buibui namba nne alianza kutambaa kutoka nguzo ya 211. Upepo wa bonde ulisomwa kilomita thelathini na nane kwa saa, mkali kuliko wa siku ya ajali. Haule alipendekeza wasubiri utulie. Tusajigwe alisema waya haitachagua siku.

Daktari Hidaya alizima kikuza kwa mkono wake na kuonyesha kioo cha rimoti kwa kamati. Lusekelo alifunga kaniki, fundo kushoto chini ya taya. Akavaa miwani.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "ukisimama nyuma yangu nitahisi niko darasani."

"Uko darasani. Bado una miezi miwili."

Alisimama pale pale.

Saa 3:44 buibui alifika kwenye nguzo. Vikombe vipya, vilivyotundikwa wiki iliyopita, vilionekana kwenye skrini ya ukutani, na pembeni yake kibanio kikiwa wazi. Picha ya ukutani iliyumba vibaya sana kiasi kwamba Haule aliacha kuitazama. Alama nyekundu, iliyoonyesha macho ya Lusekelo yametua wapi, haikuyumba. Kibanio kilikwenda huku na huko na alama ikaenda nacho, kana kwamba imechorwa juu ya chuma.

"Mungu wangu," alisema Hidaya taratibu. Alikuwa amebuni kifaa cha kufanya jambo hilo, na kifaa kilikuwa kimezimwa.

Tusajigwe aliifuata alama nyekundu kwa macho. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mle ndani ya miwani. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuitazama kazi ya waya yenyewe kutoka nje na kuona ilivyo. Mgongo wake ulinyooka wenyewe.

Saa 3:51 upepo ulipiga kutoka bondeni. Kiti kilimgeuza Lusekelo digrii sita kulia kwa chini ya robo sekunde. Macho yake yalirudi kushoto kabla yeye hajajua kwamba amegeuzwa. Akatoa amri ya kufunga wakati kiti bado kinakwenda.

Saa 3:51 na sekunde arobaini, koleo lilifunga kibanio cha nguzo ya 212. Tofauti iliyosomwa: milimita tisa, kulia.